Mwaka Niliolishwa Kibosho

Tulipomzika Shangazi Apolonia, mwezi uliopita, kule kwao Kibosho, mvua ilikuwa ile ya mlimani isiyopiga kelele, inayokulowanisha huku ukidhani ni ukungu tu. Kaburi lilichimbwa kihambani, katikati ya migomba na mibuni michache iliyobaki, maana huko mtu huzikwa shambani kwake. Baada ya maziko tulikaa chini ya turubai tukila. Pembeni yangu alikaa Mama Zuhura, aliyetoka Muheza kwa basi tangu alfajiri, baibui limemlowa pindoni na magoti yakimlalamikia kila alipotaka kuinuka. Kijana mmoja, mjukuu wa marehemu, alikuwa akigawa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Alipofika kwetu akamtazama Mama Zuhura, kisha akanitazama mimi. "Shikamooni bibi zangu. Samahani, huyu bibi wa Tanga ni ndugu yetu wa upande gani?" Mama Zuhura akapokea bakuli lake, akajibu bila kuinua macho, "Mimi na marehemu tulikula pamoja." Kijana akaitikia kwa kichwa, akaenda zake, bila shaka akidhani vikongwe tumeanza kuchanganyikiwa. Mimi nilicheka hadi mtori ukanipalia, msibani, mbele ya mapadre. Sikuona haya hata kidogo. Haya nilizimaliza zote mwaka mmoja nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na nusura zinigharimu mtoto.

Mwaka wenyewe ni ule ambao waume zetu walipelekwa Msumbiji. Baba Anjela, mume wangu, alikuwa koplo, na kabla ya kuondoka alinitoa kambini Tabora akanileta Moshi ili niwe karibu na kwao. Mama yake alikuwa ameshafariki, na nyumba ya kihambani alikuwa nayo mdogo wake wa mwisho, kama Wachaga wanavyorithishana. Aliniuliza kama ningependa kukaa huko juu kwa shangazi yake. Nikakataa. Mimi ni mtoto wa Urambo, nimezoea kuona mbali; humo migombani hata jirani humwoni, unamsikia akikohoa tu. Tena kwetu ndizi ni kitu cha kumpa mtoto aache kulia, na hapa watu wazima na akili zao wanaipika mchana na jioni na kusema wamekula. Basi akanipangia chumba mjini, Njoro, katika nyumba ya matofali ya saruji yenye korido katikati. Chumba kilikuwa na kitanda, pazia nililolishona kwa shuka, jiko la mkaa nyuma ya pazia, na sanduku la bati la jeshi lenye jina la mume wangu kwa rangi nyeupe. Dirisha lilitazama mlima. Asubuhi ulikuwa wazi, na kabla sijamaliza kufagia ulikuwa umeshajifunika, nami nilikuwa nikiutania kwamba una kiburi kama wenyeji wake. Leo nikikumbuka nani hasa alikuwa na kiburi, naona bora ninyamaze.

Siku ya kuondoka, Baba Anjela alikaa juu ya lile sanduku akifunga kamba za buti, nikiwa nimempakata mtoto. "Mama Anjela," akasema, "hapa ni kwetu. Watu wote wananijua. Usije ukanitia aibu. Mke wa askari hapangi foleni ya kuomba." Alisema hivyo kama mtu anayekumbusha kufunga mlango, wala hakurudia. Lakini mimi niliyameza yale maneno mazimamazima. Unapokuwa kijana na unampenda mtu anayekwenda vitani, kila alilosema mwishoni hugeuka amri, hata kama angekuwa amesema usinunue nyanya kwa fulani.

Chumba cha ng'ambo ya korido alikaa Mama Zuhura. Mumewe alikuwa ameondoka na wangu, gari moja. Yeye alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi bombani, na binti yake Zuhura alikuwa ameshaanza kukimbia na kutumwa chumvi. Sisi wawili tuliingia katika mwaka ule tukiwa sawa: vyumba sawa, mshahara wa waume unaolingana, mtoto mmojammoja. Mshahara ulikuja, nisije nikaonekana nasingizia watu. Lakini ilikuwa ndiyo miaka ya ruksa inaanza. Maduka yaliyokuwa matupu tangu tukiwa wasichana yalianza kujaa sabuni za rangi, mafuta ya nywele, biskuti za makopo, na bei zikawa zinapanda tukiwa tumesimama pale pale dukani. Zamani pesa ilikuwepo na kitu hakuna. Sasa kitu kilikuwepo, tukakitazama. Nilianza kupunguza: kwanza sukari, halafu nyama, halafu mafuta, halafu chakula cha mchana. Nikawa napika uji wa chumvi asubuhi na ugali kwa dagaa jioni, mimi nakula ukoko, nasema ndio nipendao.

Anjela alikuwa ametimiza mwaka. Maziwa yangu yalikauka mapema, na ule uji wa chumvi haukumtosha. Alikuwa mtoto wa kucheka, akawa mtoto wa kukaa. Unamweka mahali asubuhi, unamkuta palepale. Nywele zikaanza kuwa nyekundu na laini kama nyuzi za mahindi, na miguu ikajaa, nami kwa ujinga wangu nikafurahi kidogo nikidhani ananenepa. Kliniki nesi alimpima, akaangalia kadi, akanivuta pembeni. "Mama, ameshuka tena. Unamlisha nini?" Nikasema, "Kila kitu." Nesi alikuwa mtu mzima, hakubishana. "Akishuka tena mwezi ujao tutamlaza," akasema, "na wanaolazwa katika hali hii hatuwarudishi wote." Nilirudi nyumbani nimemfunga mgongoni, mwepesi, nikasema nitabana zaidi. Sijui nilitaka kubana nini, maana kilichobaki kilikuwa ni maji.

Jumapili moja kanisani likatolewa tangazo. Akina mama wa jumuiya za parokia za mlimani wamekusanya chakula kwa ajili ya familia za askari waliosafiri, kila Jumamosi watakuja kugawa nyuma ya kanisa, na asiulizwe mtu dini wala kabila. Mama Zuhura nilipomweleza, hakungoja nimalize. Jumamosi ilipofika alikuwa wa kwanza langoni. Alirudi na mfuko wa maharage, ndizi, na ule unga wa njano tuliokuwa tunauita yanga, akapika na mlango wazi, harufu ikajaa korido yote. Mimi nilimfuata Jumamosi ya pili. Nilifika hadi kwenye uzio wa michongoma, nikasimama kwa nje nikitafuta mahali pa kuingilia katika foleni bila kuonekana naingia. Ndani ya uzio wanawake wawili, wa mjini nadhani, walikuwa wakizungumza. "Waume zao si wanalipwa na serikali?" mmoja akasema. "Leo wanakuja kula vya wajane." Mwenzake akajibu, "Waache, wamezoea kulishwa kambini." Nikageuka. Nilipofika Njoro nilikuwa nimeshasuka hotuba nzima kichwani, juu ya heshima ya jeshi na heshima ya mume wangu, na mtoto alikuwa amelala mgongoni mwangu tangu asubuhi bila kulia.

Jioni ile Mama Zuhura aliingia na nusu ya alichopata. "Chukua, shoga." Nikamwambia nina unga. "Una unga au una maneno? Mficha uchi hazai." Nikamjibu kwa jeuri, "Mimi nimeshazaa." Akamtazama Anjela, akasema polepole, "Basi mlishe uliyemzaa. Tumbo halina cheo." Nikamfungulia mlango atoke. Tukakaa siku kadhaa tunapishana koridoni kama watu waliopanga nyumba tofauti. Nilichokuwa sijui ni kwamba alipotoka kwangu hakwenda kulala na hasira zake. Jumamosi iliyofuata alipofika nyuma ya kanisa aliuliza akina mama wa Kibosho wako upande gani, akawatajia ukoo wa mume wangu, akasema, "Yuko mwenzangu mmoja, mkwe wenu, anakufa na mwanawe kwa ustaarabu."

Ndivyo Shangazi Apolonia alivyokuja. Alikuwa mama mfupi, mnene wa mabega, mwenye ugoro puani na sauti ya kugombana hata akikusalimu. Siku za soko aliteremka kuuza ndizi Mbuyuni, na siku hiyo alikuja moja kwa moja kwangu na mkungu mzima kichwani. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba. Ondoa ndoo hapo mlangoni, unataka nivunjike?" Akautua mkungu. Nikamwambia kwa adabu zangu zote, "Shangazi, huo ungeuuza tu. Sisi chakula tunacho." Na ili aone kwamba tunacho, nikapika. Kwetu mgeni haondoki na njaa hata ikibidi wenyeji walale nayo, nami nilisonga unga wote uliokuwa ndani, nikamkaangia dagaa waliobaki, nikamtengea. Sikujitengea. Nikasema nimeshiba. Shangazi akanawa, akaanza kula taratibu, akilalamika kwamba ugali ni chakula cha mahabusu na hajui Wanyamwezi wamekosea nini. Huku akilalamika alimvuta Anjela mapajani, akawa anamega tonge moja anakula, tonge jingine anamtia mtoto mdomoni. Mwanangu alikula kwa pupa niliyokuwa sijaiona kwa wiki nyingi. Ningesema nini? Mgeni akimlisha mtoto kutoka sahani yake humzuii. Alipomaliza, shangazi akambonyeza mtoto mguu kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki. Akalitazama.

"Huyu ulimzalia wapi?" akauliza. Nikamwambia kambini, Tabora. "Nani alikulisha uzazi?" Sikuelewa swali. Kwa Wachaga, kama hujui, mwanamke akijifungua huingizwa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe, hachoti maji, hafagii. Kazi yake ni kunyonyesha na kula, na anayemlisha ni mama mkwe na wanawake wa ukoo wa mume. Mzazi akikonda, ukoo mzima unasemwa. Mimi nilimweleza ukweli, kwamba siku ya tatu nilikuwa bombani na ndoo. "Siku ya tatu." Akarudia vile kama mtu aliyeambiwa kuwa nyumba yake imeungua. "Mke wa kaka yangu amekufa, ndiyo, lakini mimi sijafa. Umezalia ukoo wetu na hukulishwa, na mimi nakaa Kibosho nakula tu. Watu wakisikia nitaficha wapi uso?" Nikamwambia, shangazi, yamepita, mtoto ameshakuwa. "Uzazi haupiti," akasema. "Usipotolewa unabaki. Unakaa kwenye ukoo unaleta mikosi. Kesho kutwa nakuja kukuchukua." Nikamwuliza wazi, nikiwa nimesimama mbele ya mlango wangu: "Shangazi, huu si msaada?" Akaweka mikono kiunoni. "Msaada wapewe maskini. Wewe ni mzazi wetu, unadai haki yako. Au unataka Baba Anjela akirudi akute wanaume wenzake wanamcheka kwamba mkewe alizaa kama paka?" Hapo ndipo aliponiweza. Aibu ya mume wangu, iliyonizuia kwenda kwenye foleni, ndiyo hiyo hiyo aliyoichukua akanifungulia nayo mlango.

Chumba alichoniweka kilikuwa nyuma ya jiko, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, dari nyeusi kwa moshi. Upande wa pili wa ukuta alikaa ng'ombe wake, aliyekuwa halali bila kupumua kwa nguvu kama mtu aliyesahau jambo. Nje ulipita mfereji wa maji, na sauti yake ilikuwa haikomi mchana wala usiku, hata nikaacha kuisikia. Nilipewa kitanda chenye godoro la majani makavu ya migomba na blanketi zito, nikaambiwa nikae. Mwanamke mwenye mtoto aliyeota meno, mzima, sina hata mafua, naambiwa nikae. Asubuhi uliletwa mtori wa ndizi mshare, umesagwa laini na mafuta yakielea juu, bakuli langu kubwa na la Anjela dogo. Mchana kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja. Jioni maziwa. Siku ya kwanza uliletwa pia mlaso, damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa na samli, nikautazama, nikatazama mlango. "Kunywa," shangazi akasema. "Kwetu Tabora..." nikaanza. "Kwenu Tabora wanachota maji siku ya tatu." Nikaunywa nimefumba macho. Nasema kwa moyo mmoja kwamba sijawahi kuupenda, na kwamba baada ya majuma mawili nilikuwa nauulizia ukichelewa.

Wanawake walikuja kwa zamu. Kila mmoja alikuwa na kitu chini ya kanga: maziwa kwenye kibuyu, kipande cha nyama, mayai, mshare uliokwisha kumenywa. Wa kwanza alipoweka kibuyu chake nikamwambia aika, ambalo lilikuwa ndilo neno pekee la Kichaga nililojivunia, yaani asante. Shangazi akanikaripia mbele ya mgeni. "Mzazi hashukuru. Mzazi anakula. Wewe unashukuru kwani umepewa sadaka?" Basi nikawa nakula kimya kama malkia, na wao wanakaa jikoni ng'ambo ya ukuta wakizungumza. Walizungumzia kahawa ambayo chama kimechelewa kuinunua, mtoto wa fulani aliyeacha seminari, mume wa fulani anayeuza ndizi za mkewe anywee mbege. Mara nyingine walinisema mimi. Walisema kwa Kichaga, lakini maneno ya Kiswahili yalichomoza katikati: mwanajeshi, foleni, kliniki. Kisha kicheko kilichobanwa na kanga. Kilikuwa kicheko cha watu wanaofanya jambo wanalolifurahia.

Siku moja, labda wiki ya tatu, nilitazama vizuri kilichokuwa kwenye bakuli langu la kiburu. Maharage yalikuwa ya kila namna: mekundu, ya njano, meusi madogo, yenye mabaka. Hakuna anayelima hivyo shamba moja. Hayo ni maharage ya kila nyumba kutoa konzi moja, yakamiminwa katika gunia moja. Nami niliyajua, kwa maana niliyaona kwenye mfuko wa Mama Zuhura siku niliyomfukuza chumbani mwangu. Nilishika kijiko hewani. Anjela alikuwa amekaa mbele yangu na donge la kiburu mashavuni, anapiga sakafu kwa kiganja akidai jingine. Miguu yake ilikuwa imenywea, vifundo vimeonekana. Nikamlisha. Halafu nikala la kwangu, nikafuta bakuli kwa kidole. Sikumwuliza mtu kitu. Yako maswali ambayo ukiyauliza unamvunjia mwenzako kazi aliyoifanya kwa uangalifu, na mimi nilikuwa nimeanza kupata akili, ingawa kidogo kidogo.

Mama Zuhura alipanda Jumapili ya kwanza, amembeba binti yake, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Alisimama mlangoni hajui kama nitamkaribisha. Nikajisogeza kitandani akakaa, na huo ndio ukawa upatanisho wetu, kwa maana wote wawili hatukuwa watu wa hotuba. Shangazi akaingia na mabakuli. Mama Zuhura akasema amekuja kunijulia hali tu. "Kwetu anayekuja kumwona mzazi haondoki bila kula," shangazi akasema. Akala. Jumapili iliyofuata alipoaga, shangazi akamtwika kikapu. "Kwetu mgeni wa mzazi harudi mikono mitupu, mzazi atakosa maziwa." Jumapili nyingine ikawa kwamba kwao mtoto wa mgeni wa mzazi hupewa kuku. Kila Jumapili shangazi alikuwa na desturi mpya. Mlaso tu ndio uliomshinda, Mama Zuhura alisema, "Hiyo damu, shangazi, utusamehe sisi Waislamu, hatuna ruhusa nayo." Shangazi akafikiri kidogo, akasema, "Kweli. Wa wageni ni maziwa matupu." Jikoni wanawake walicheka hadi mmoja akatoka nje.

Kwenye zahanati ya huko juu nesi alimpima Anjela, akaangalia kadi, akampima tena. Akasema mizani yake ni nzima. Siku hiyo nilipanda kilima kurudi kwa shangazi nikihema, kwa sababu mtoto mgongoni alikuwa mzito, na kila nilipohema nilifurahi. Furaha ya kubeba mzigo unaokuumiza mgongo waijuao ni akina mama waliowahi kubeba mtoto mwepesi.

Miezi mitatu ilipotimia, shangazi akasema mzazi lazima atolewe nje. Zamani, walinieleza, alinyolewa, akavikwa shanga kichwani, akapewa fimbo ya wazee, akapelekwa sokoni huku akiimbiwa. Wakati ule mambo hayo yalikuwa yameshaachwa na wengi, makatazo ya padri na mitindo ya mjini vilikuwa vimeyasukuma pembeni, na wimbo wenyewe alikuwa anaujua vizuri bibi mmoja tu asiye na meno. Walinifunga kanga mpya, wakanipa fimbo, wakaniweka katikati. Anjela alikuwa mgongoni. Tulipokaribia soko bibi yule akaanza kuimba kwa sauti ya kukwaruza, wengine wakaitikia, na wauza ndizi wakasimama. Hapo ndipo Anjela alipoona kuku. Akapiga mateke, akashuka mgongoni, akaanza kumkimbiza kuku katikati ya mafungu ya nyanya. Mzazi anatolewa sokoni na kichanga chake kinafukuza kuku! Soko zima liliangua kicheko. Muuza chumvi mmoja alilazimika kukaa chini. Nami nilidhani wimbo utakufa, nikatamani ardhi ipasuke. Lakini wale wanawake waliimba huku wanacheka, machozi yakiwatoka, wakapaza sauti zaidi, na wauza nyanya wakaingia kwenye kiitikio. Nikamwuliza aliyekuwa karibu nami wimbo unasema nini. "Ulikuwa unaimbwa kwa wanaume wakirudi vitani," akasema. "Na kwa mzazi. Kwetu ni kitu kimoja." Nikamfikiria Baba Anjela, huko aliko, kama yuko anayemwimbia au hata kumpikia. Nililia mbele za watu na fimbo yangu ya wazee mkononi.

Sikurudi Njoro. Nilibaki kwa shangazi nikilima naye, nikiteremka naye Mbuyuni. Na Baba Anjela akarudi. Najua wako wenzetu ambao waume hawakurudi, kwa hiyo silisemi hili kwa sauti kubwa. Alipanda njia ya migombani mchana mmoja, mwembamba, mweusi zaidi, begi begani. Anjela hakumjua, akajificha nyuma ya sketi yangu, akachungulia, akamtolea ulimi. Baba yake akamtazama kwa muda mrefu, mashavu yale, miguu ile, akakaa kwenye kizingiti. Tulimtengea chakula. Alipokuwa anakula nikamweleza kwa majivuno jinsi ukoo wake ulivyonilipa uzazi wangu wote, miezi mitatu kamili, na mlaso, na kutolewa sokoni, na kwamba sikumtia aibu popote, sikupanga foleni hata siku moja. Akaacha kutafuna. Akamgeukia shangazi, aliyekuwa ametupa mgongo akimenya ndizi, akamwuliza kitu kwa Kichaga. Shangazi akajibu kwa sentensi moja, bila kugeuka. Mume wangu akacheka mara moja, kicheko kifupi, kisha akachukua kofia yake akajifuta uso, akakaa nayo hapo usoni.

Nilimfuata nje alipokwenda kunawa mferejini. "Umemwuliza nini?" Akanitazama. "Nimemwuliza, tangu lini mtoto mwenye meno akafanyiwa uzazi."

"Naye akasemaje?"

"Akasema, tangu mama yake alipoogopa foleni kuliko njaa." Akayakamua maji mikononi. "Na maneno ya foleni yalikuwa yangu, Mama Anjela."

Nilirudi jikoni. Nikatafuta kisu, nikavuta kigoda, nikakaa kando ya shangazi, nikachukua ndizi. Nikaimenya. Kisha nikasema, "Aika, shangazi." Nilingoja anikaripie kwamba mzazi hashukuru. Hakunikaripia. Alichukua ganda la ndizi niliyoimenya, akaligeuza mkononi, akatazama nyama iliyobaki humo.

"Menya kwa wembamba," akasema. "Jumamosi tunateremka kanisani, na wanaongoja huko ni wengi."